Treni ya Bububu na Mwanamke Asiye na Jina

Msomaji, ukipata postikadi ya zamani ya Unguja, igeuze kwanza. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902. Kabla ya hapo watu waliandika salamu upande wa picha. Kumbe hata mgongo wa kadi unataja umri.

Mimi hunimaliza ile ya treni ya Bububu. Treni, jamani, Unguja! Ilianza 1905, maili saba hivi, na kwenye kadi inapita katikati ya Mji Mkongwe, karibu iguse baraza za watu. Reli ilishang'olewa zamani. Mnara wa Beit al-Ajaib nao, uliojengwa baada ya mizinga ya 1896 na kuporomoka Desemba 2020, kwenye kadi bado umesimama.

Kinachoniuma ni yale maandishi ya chini. Jengo lina jina. Gomes, mpiga picha Mgoa, ana jina. Lakini mwanamke wa kanga, anayeikazia kamera macho bila kucheka, kaandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi! Nani alimwita studio? Alilipwa? Nataka kumwandikia riwaya, na jina itabidi nimbunie mwenyewe.