Samaki Waliopoteza Macho

Mwaka 1921 mtaalamu Boulenger alieleza samaki wa ajabu wa mapango ya Thysville, mji uitwao leo Mbanza-Ngungu, katika jimbo la Kongo Central. Akampa jina Caecobarbus geertsii. Ni mdogo kama kidole, mweupe mwenye wekundu wa damu, na mahali pa macho pamefunikwa na ngozi. Jamaa zake wa mtoni wanaona vizuri.

Basi, macho yalikwenda wapi? Wengi hujibu upesi: kiungo kisichotumika hufa. Darwin naye, mwaka 1859, aliandika karibu hivyo juu ya wanyama wa mapangoni. Lakini jibu hilo halitoshi. Mchimbaji wetu wa Likasi akishinda miaka 30 katika shimo la shaba, mtoto wake hazaliwi kipofu!

Tazama mambo yanavyokwenda. Mtoni, samaki aliyezaliwa na macho mabaya huliwa mapema, hazai. Pangoni kasoro ile haimdhuru; anazaa, na watoto wanairithi. Tena jicho ni mzigo. Linakula nguvu za mwili hata gizani, na chakula cha pangoni ni kile kidogo kinacholetwa na maji ya mvua. Asiyelisha macho ana akiba. Kizazi baada ya kizazi, macho yakafifia.

Njia ya kuyapata ni ndefu zaidi, lakini si ndefu kama tunavyodhani. Mwaka 1994 Nilsson na Pelger wa Sweden walikadiria kwamba doa bapa linalohisi mwanga laweza kuwa jicho lenye lenzi katika vizazi pungufu ya 400,000. Msomaji anayeogopa habari hizi na akumbuke kwamba Papa Pio XII, katika barua yake Humani generis ya mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Roho, alisema, huumbwa na Mungu mwenyewe.

Kongo ina kipofu mwingine, Lamprologus lethops, aliyeelezwa mwaka 1976. Ndugu zake wa Ziwa Tanganyika wana macho mazuri. Yeye haishi pangoni, anaishi katika Mto Kongo wenyewe, kwenye maporomoko ya chini, ambako kina hupita mita 200 na mwanga haufiki. Wavuvi humwokota juu ya maji akiwa amekufa au anakufa, ana mapovu ya hewa chini ya ngozi, kwa kuwa mkondo umempandisha ghafula kutoka vilindini.