Nyaya zilizopelea: kisa cha Airbus A380

Tarehe 27 Aprili 2005, Airbus A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Toulouse, Ufaransa. Mwaka uliofuata, kazi kiwandani ikakwama. Shida haikuwa injini wala mabawa. Ni nyaya!

A380 moja ina nyaya za umeme za kilomita 530 hivi. Vipande vya bodi vilivyotoka Hamburg, Ujerumani, vilipofika Toulouse kuunganishwa, mafundi wakakuta baadhi ya nyaya ni fupi, hazifiki zinapotakiwa kuchomekwa. Kumbe Hamburg walikuwa bado wanachora kwa CATIA toleo la 4, wakati Toulouse wameshahamia toleo la 5. Programu jina moja, lakini mafaili hayakuelewana vizuri. Yaani, badiliko lililofanywa upande mmoja halikuingia ipasavyo upande wa pili.

Cha ajabu, Boeing 777, iliyoruka mwaka 1994, ilisanifiwa yote kwa CATIA hiyohiyo. Tofauti ni kwamba timu zote zilifanyia kazi modeli moja, na sehemu zikaunganishwa kwanza ndani ya kompyuta. Zilizogongana zilionekana mapema.

Airbus ililipa gharama kubwa. Julai 2006 bosi wake, Gustav Humbert, alijiuzulu. Singapore Airlines ikapokea A380 ya kwanza Oktoba 2007 badala ya 2006.

Basi, nyie mnaofanya miradi ya vikundi: kabla ya kugawana kazi, kubalianeni kwanza toleo la programu.