Kicheko Kinachoingia Msibani

Ramadhani ya 2020 ilituingilia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa bado yanadondoka, na Kitomanga yetu yote ikijifunza upya namna ya kuamkiana. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, siku moja tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Aliyetangaza kuzifunga alikuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, mtu wa Ruangwa, mkoa wetu huu huu wa Lindi. Kwenye maduka ya kando ya barabara kuu ziliwekwa ndoo za koki. Aliyekosa ndoo alitundika kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Wazee, ambao kijana akiwapa shikamoo huwapa na mkono, walirudisha mikono nyuma wakaitikia marahaba kwa sauti tu.

Jioni, magharibi ikikaribia, sahani zilitoka kama miaka yote. Muhogo wa nazi, magimbi, kunde, uji wa pilipili manga ndani ya jagi lenye mfuniko. Kilichobadilika ni mwendo wake. Mtoto aliyetumwa alisimama nje ya ua akapiga hodi, na bibi wa nyumba akajibu, "Karibu mwanangu, iweke hapo juu ya kinu, mwambie mama nimeiona, Mungu amlipe." Sahani ikakaa juu ya kinu kilichofudikizwa, mtoto akarudi nyuma hatua kadhaa, bibi akaja kuichukua. Kesho yake ilirudi kwa njia ile ile, na haikurudi tupu. Ilibeba mahindi mabichi mawili, au fungu la majani ya kunde.

Tangu hapo naifikiria sahani ile kila ninaposoma jinsi watu wa kwingine walivyojitafutia raha maradhi yalipowazunguka. Naona kila mila ina mahali inapoiweka furaha yake kifo kinapobisha hodi. Wako wanaoiweka ndani na kufunga mlango. Wako wanaoituma nje, iende kukaa na waliofikwa.

Wa kwanza nimewakuta kwenye Decameron ya Giovanni Boccaccio, kitabu kilichotajwa sana dunia ilipojifungia mwaka ule. Tauni iliingia Florence mwaka 1348, na Boccaccio anaanza kwa kueleza ujirani ulivyokatika: jirani hakumjali jirani, ndugu alimwacha ndugu, hata wazazi waliwakimbia watoto wao wa kuwazaa. Kisha wanawake saba na wanaume watatu, vijana wa familia zenye uwezo, wanakutana katika kanisa la Santa Maria Novella na kukubaliana kuuhama mji, watumishi wao wakiwa nao. Huko shamba, penye bustani na maji baridi, wanakula, wanapiga ala, wanacheza, na kila siku ya masimulizi kila mmoja anatoa hadithi yake. Siku kumi, hadithi mia moja.

Mtu aliyelelewa kwa hadithi za usiku anawatambua vijana wale mara moja. Nasi bibi akisema paukwa tuliitikia pakawa, na giza la nje likapungua ukali. Lakini kuna amri moja mwanzoni mwa kitabu ambayo hainitoki. Pampinea, malkia wa siku ya kwanza, anawaagiza watumishi kwamba popote waendapo na lolote waonalo, wasiwaletee habari yoyote ya nje ila iliyo ya furaha. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Simlaumu msichana aliyezika jamaa zake kwa kutaka siku chache za kuvuta pumzi. Ila furaha ile imejengewa ukuta, na wanaoulinda ukuta ni watumishi, ambao wataendelea kuyaona ya nje na kuyameza.

Sasa tuje huku kwetu. Kutoka Kilwa hadi Lindi tunaishi Wamwera, Wangindo, Wamatumbi, Wamakonde, Wayao, Wamachinga, tumechanganyika kwa ndoa na kwa mashamba, na kinachotuunganisha kuliko hata ndoa ni utani. Mgeni akiusikia utani hudhani ni mzaha wa sokoni. Uzito wake unaonekana msibani. Mtani akisikia amefiwa mtani wake, hakai mbali kwa heshima. Anakuja. Anachota maji, anapasua kuni, anasaidia kuchimba kaburi, na katikati ya kazi hizo anafanya mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya atapigwa. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikopa. Anavaa kanzu yake. Anazuia njia ya makaburini akidai deni, na wako watani wanaolala ndani ya kaburi lenyewe wakagoma kutoka mpaka walipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, wanatoa shilingi mbili tatu au kuku, na maziko yanaendelea.

Amri ya Pampinea imegeuzwa hapa chini juu. Mtani anaichukua habari mbaya kuliko zote, anaibeba kichwani mbele za watu, anaichezesha. Kicheko chake kina ruhusa ya kuvuka kizingiti ambapo furaha nyingine zote zinaishia. Naona pia ni kazi ya haki, maana anayepewa ruhusa ya kucheka ni yule yule aliyeshika jembe. Tulio nje ya utani tunatoa pole. Mtani anatoa mgongo wake kwanza, halafu ulimi.

Mila hii haiko peke yake pwani. Miji yetu iliyajua maradhi ya kuambukiza kabla ya corona. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliikumba Zanzibar na kuifikia Kilwa, na ndui ilikuwa ikija na kuondoka. Maradhi yakiingia, watu wa pwani waliuzunguka mji kwa dua na visomo, ng'ombe akiongozwa nao, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa pamoja. Daktari wa leo angetukataza mkusanyiko ule, na angekuwa na sababu. Lakini tazama uelekeo wake: mji mzima unatoka nje, unapita mbele ya kila nyumba, iliyo na mgonjwa na isiyo na mgonjwa, na mwisho wake ni chakula.

Kati ya bustani ya Florence na kaburi la kwetu nataka kuiweka roshani. Machi 2020 Waitaliano walipofungiwa ndani walitoka kwenye roshani na madirishani wakaimba, wakapiga gitaa, sufuria na vifuniko. Uingereza watu walisimama milangoni kila Alhamisi saa 2 usiku kuwapigia makofi wahudumu wa afya, kuanzia Machi 26 hadi Mei 28, wiki kumi. Nimewasikia ndugu zetu walioko London wakisimulia kwamba Alhamisi hizo ndipo walipowaona majirani wa mtaa wao kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuishi ukuta kwa ukuta. Hilo lilinigusa. Huko maradhi yalizaa ujirani pale ambapo haukuwepo. Kwetu yaliukuta umekaa mkekani na kuutaka uinuke. Mtu aliyezoea upweke alipewa kitu. Mtu aliyezoea kulishwa na jirani alinyang'anywa.

Roshani ina sifa ambayo sahani haina: inamfikia mtu usiyemjua jina, wala hukuwa na mazoea naye. Mpangaji mgeni asiye na ukoo mjini hupitwa kwa urahisi na sahani zetu, kwa sababu sahani hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Lakini makofi yakishapigwa yamekwisha. Hayamwachii aliyepigiwa kitu mkononi, wala hayamdai arudishe. Sahani inakaa kwa jirani usiku kucha, na kukaa kwake ni ahadi kwamba kesho mtu atakuja tena nyumbani kwako, na kama hukuonekana atauliza kulikoni. Mgonjwa anayeishi peke yake anagundulika hivyo.

Nilielewa zaidi nilipofuatilia ya Mombasa. Tanzania haikutufungia ndani. Misikiti na makanisa yaliendelea, ingawa mikusanyiko mingine ilizuiwa. Kenya waliwekewa kafyu tangu Machi 27, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, misikiti ikafungwa, na Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiwa watu kuingia na kutoka. Marufuku ile ilidumu mpaka Juni. Zihesabu saa hizo kwa jicho la mtu wa pwani. Magharibi inaingia kama saa 12 na robo. Mtu afungue kwa tende na maji, aswali, na hapo hapo mlango ufungwe. Kilichokatwa ni usiku wote wa Ramadhani: tarawehe, kahawa chungu na kashata barazani, watoto wa mabuyu na viazi karai vichochoroni, wanawake wakitembeleana mpaka daku. Raha ndogo za pwani hazikutawanyika siku nzima ili ukikosa moja upate nyingine. Nyingi zimelundikwa kwenye saa zile chache baada ya jua kuzama, na kafyu iliangukia hapo hapo.

Mji wa Kale nyumba zake zina roshani, na za siku nyingi. Hata hivyo moyo wa mtaa uko chini, kwenye baraza, ambako magoti yanakaribiana na kikombe kimoja cha kahawa kinazunguka. Baraza haiwezi kugeuzwa roshani kwa amri. Watu walifungua dirisha kwa dirisha, familia zikaswali tarawehe nyumbani, na sahani ikawahi kuvuka kichochoro kabla ya saa 1. Kwa hiyo hata pale ambapo dola ilifunga kila kitu, kilichopenya kilikuwa kile kile cha Kitomanga.

Siwezi kuiandika habari hii kama kwamba sisi tulishinda. Kufikia Mei 2020 yalikuwa yametangazwa matokeo ya watu 509 waliopata corona nchini na 21 waliofariki, kisha takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka, hadi serikali mpya ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipozirudisha na chanjo ikazinduliwa Julai 2021. Kwa muda wote huo amri ya Pampinea ilikuwa imetufikia: habari za nje zisiletwe ila zilizo njema. Watu walizikwa kwa nimonia na kwa "kifua". Jirani hakujua kama aje karibu au akae mbali, kwa kuwa hakuambiwa kilichomuua aliyekufa. Mila ya mtani inasimama juu ya jambo moja, kwamba kifo kinatajwa wazi, kwa jina lake, mbele ya watu wote. Kisipotajwa, mtani atamwigiza nani? Furaha ya juu ilifunga mlango, na furaha ya chini ikakosa pa kuingilia.

Tena mtani anafanya kazi kwa mwili. Anashika, anakumbatia, ananyang'anya, anakaa penye watu wengi. Hakuna kitu ambacho maradhi ya pumzi yanakipenda kuliko hicho. Niliwaona watu wazima wakibishana kwa uchungu kama ni utu zaidi kwenda msibani au kubaki nyumbani, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mimi nilibaki mara mbili. Sijazisahau.

Mara ya tatu nilikwenda. Ulikuwa msiba wa mzee mmoja wa jirani, na familia ilikuwa imeomba watu wachache, mikeka imetandikwa mbalimbali chini ya mikorosho, kibuyu chirizi kimesimamishwa njiani ili kila anayeingia anawe kwanza. Wanawake walikuwa kimya mno. Msiba wa kwetu una sauti, na kukosekana kwake kuliumiza kuliko kilio.

Mtani wa marehemu alifika kwa baiskeli, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho. Hakuingia uani. Alisimama pale pale penye kibuyu, akaishika kamba yake, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba mzee huyu alikufa na deni lake la ufuta, kwa hiyo maji haya ni mali yake sasa, na hakuna mkono utakaonawa hapa, wa sheikh wala wa mwenyekiti wa kijiji, mpaka ukoo ulipe. Foleni ikasimama, kila mtu mita yake. Mjane aliyekuwa amejiinamia mkekani aliinua uso. "Mpeni," akasema, "mpeni jogoo mwekundu huyo, tena amfukuze mwenyewe." Akacheka, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika, na wanawake wa mikeka mingine wakacheka naye kutoka kule walikokaa.

Jogoo alikimbizwa mpaka nyuma ya banda la korosho. Mtani akarudi naye kwapani, akaegemeza baiskeli, akakanyaga kile kijiti, na kwa mkono uliobaki akaanza kuwaelekezea watu sabuni, mmoja baada ya mwingine.