Kuongozana

Kuongoza tunakujua: mmoja mbele, wengine nyuma. Lakini ongeza -ana, na safu nzima inavunjika. Tukisema mama ameongozana na jirani yake kwenda sokoni, hakuna aliyetangulia. Wanatembea bega kwa bega, na wakifika njia panda wanaulizana.

Neno hili nimelikumbuka sana tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na asasi nyingi zisizo za kiserikali zikaanza kupunguza wafanyakazi. Kipindi kama hicho, asasi ambayo mkurugenzi peke yake ndiye anayewajua wafadhili na hesabu za benki iko hatarini mno, kwa kuwa humo hakuna kuongozana: akiondoka yeye, anaondoka na kila anachokijua.

Vikundi vyetu vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, vilikwisha kujua kwamba mambo yote hayafai kushikwa na mtu mmoja. Kasha lao la chuma la kuwekea fedha lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu. Kasha lenyewe hutunzwa na wa nne, asiye na ufunguo wowote. Siku ya kukutana, watatu hao huinama mkekani, kila mmoja akafungua yake, ndipo kifuniko kinainuka.