Kutoka Zizini hadi Kiwanjani: Utajiri na Umaskini katika Ugogo

Ugogo ni sehemu kavu ya nyanda za kati za Tanzania, kati ya milima ya Mpwapwa upande wa mashariki na mbuga ya Bahi upande wa magharibi. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi milimita 600 kwa mwaka. Uwele na mtama huvumilia ukame huo, lakini kila baada ya miaka michache mvua hukatika mapema na ghala hubaki tupu. Zamani tajiri na maskini wa nchi hii hawakutofautiana sana kwa makazi, kwa kuwa wote waliishi katika tembe, nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa. Tofauti ilijitokeza mwaka wa njaa, ilipojulikana nani anakula, nani anahama na nani anazika watoto.

Kinga kubwa dhidi ya njaa ilikuwa ng'ombe. Nafaka huliwa na wadudu na huisha, ilhali ng'ombe huzaliana, huswagwa kufuata maji, na huweza kubadilishwa kwa chakula katika nchi jirani. Kwa ng'ombe kijana alitoa mahari, na kwa ndoa alipata wakwe wa kumsaidia. Aliyekosa mifugo alichelewa kuoa, alilima eneo dogo, na njaa ilipoingia alikuwa na milango michache ya kubisha.

Hata hivyo tajiri hakuweka kundi lake lote katika zizi moja. Aliwagawa ng'ombe kwa ndugu na rafiki waliokaa mbali, ili ugonjwa, ukame au uvamizi wa Wamasai na Wahehe usimwachie mikono mitupu. Aliyepokea alikunywa maziwa na kutumia samadi shambani, huku ng'ombe na ndama wakibaki mali ya mwenyewe. Kwa kaya maskini, maziwa hayo yaliweza kuwa ndiyo yanayomvusha mtoto kiangazi. Lakini msaada huo ulikuwa na gharama yake: mpokeaji aliwajibika kuitika alipoitwa na kusimama upande wa mfadhili wake katika ugomvi. Pengo kati ya aliyenacho na asiyenacho lilikuwepo, ila lilifungwa kwa kamba ya wajibu iliyowashika wote wawili.

Kilimo nacho kilifuata mkondo huohuo. Mwenye nafaka ya ziada alipika pombe na kuwaita majirani kwenye ujima, na kwa siku chache shamba lake kubwa likapaliliwa. Asiye na akiba aliishiwa chakula kati ya Desemba na Februari, miezi ileile ambayo shamba lake lilihitaji jembe. Alilazimika kulima kwa watu ili ale siku ile, na magugu yakameza uwele wake. Mavuno yake yakawa haba, na mwaka uliofuata akaanza tena bila akiba. Hivyo umaskini ulizaa umaskini hata pale ambapo ardhi ilikuwa tele na mtu hakuwa mvivu.

Karne ya 19 ilileta utajiri wa aina nyingine. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo baada ya kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Ikifika ilikuwa na kiu na njaa, nao watemi, waliokuwa wakuu wa nchi na wa mvua, waliidai hongo. Wakati huo neno hilo lilimaanisha ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Richard Burton na John Speke waliopita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, wote walilipa. Ukubwa wa mtemi na wazee wake ukaongezeka kwa bidhaa za pwani, na mwenye nafaka ya kuwauzia wapagazi naye akapata chake.

Miaka ya 1890 iliuvuruga mpango huo. Ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe kote Afrika Mashariki, watawala wapya, Wajerumani, wakawanyang'anya watemi haki ya kutoza hongo, na tangu 1898 wakaanza kudai kodi ya nyumba. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na mahali palipokuwa kijiji pakawa mji wa boma, stesheni na maduka. Kuanzia hapo kila kaya ilihitaji fedha taslimu. Mwenye mifugo aliuza dume akalipa kodi, na asiye na mifugo aliuza nguvu za mwili wake.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyokata kabisa kamba za kale. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza lililoiteka Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa ya 1917 hadi 1920 iliitwa Mtunya, jina lenye maana ya kunyang'anyana. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa, kati ya watu 150,000 hivi wa wilaya ya Dodoma. Mwenye ng'ombe aliwatoa kwa nafaka hata bei yao ilipoporomoka. Wengine waliwaweka watoto rehani kwa chakula. Wajibu wa tajiri kwa maskini ulikuwa umesimama juu ya mifugo, na mifugo ilipochukuliwa na majeshi wajibu huo ulikosa pa kusimama.

Chini ya Waingereza, ngazi mpya zilijengwa. Kuanzia 1926 watemi waliwekwa kuwa watumishi wa serikali wenye mshahara, na watoto waliopata shule za misheni na za serikali wakawa makarani na walimu. Wasio na mifugo wala elimu walikwenda katika mashamba ya katani ya Kilosa, Morogoro na Tanga. Huko nyuma, kuhemea, yaani kwenda nchi ya mbali kutafuta chakula, kulikuwa safari ya heshima ya kuokoa kaya. Katika miji safari hiyo ilishushwa hadhi, na Mgogo akadhihakiwa kuwa ombaomba. Dhihaka hiyo ni dhuluma, kwa sababu inamhukumu mtu kwa njaa aliyotengenezewa.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa. Matrekta yalifyeka pori na vibarua kwa maelfu waliajiriwa, lakini udongo mgumu na uhaba wa mvua viliushinda mradi. Ulifutwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Fedha hizo ziliteketea katika nchi ambayo wenyeji wake walizoea kuomba mahindi ya msaada kila ukame ulipowabana.

Serikali huru ilijaribu kuziba pengo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuja Operesheni Dodoma ya 1971, iliyowahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji. Rais Julius Nyerere mwenyewe alikaa katika kijiji cha Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Shule, zahanati na maji viliwasogelea hata walio maskini kabisa, na hilo ni jema lisilopaswa kusahauliwa. Lakini mashamba mengi yaliachwa mbali, na malisho ya karibu na vijiji yakakanyagwa hadi kuwa vumbi.

Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mamlaka ya ustawishaji, CDA, ikakabidhiwa ardhi ya mji. Ujenzi ulienda polepole hadi 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia kwa kishindo. CDA ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na wakazi wa jiji wakaongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 katika sensa ya 2022. Mashamba ya uwele ya Mtumba, Ihumwa, Iyumbu na Nala yakapimwa viwanja. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999, fidia ilihesabu mimea na majengo, huku ardhi yenyewe ikichukuliwa kuwa haina bei. Sheria hiyo iliitambua thamani ya ardhi, lakini faida kubwa bado humwendea mwenye mtaji wa kununua mapema na kungoja. Mwenyeji aliyeuza kwa shida husogea pembeni mwa mji, akalime pengine au awe kibarua wa ujenzi pale palipokuwa shamba la babu yake.

Hapo ndipo utajiri wa leo unapotofautiana na ule wa zizini. Ng'ombe aliyekabidhiwa maskini alimnywesha maziwa na kumfunga tajiri katika wajibu wa kumjua. Kiwanja kikishauzwa, uhusiano wa muuzaji na mnunuzi huisha siku ya kutia sahihi. Jiji likitaka kuwa makao makuu ya watu wote, basi fidia ya haki, hati kwa wenyeji, na akiba ya chakula kwa mwaka wa ukame ndivyo vitakavyoshika nafasi ya ile kamba iliyokatika.