Kumpimia Mtu Zoezi

Fran ni zoezi fupi na katili. Mtu anashika chuma chenye sahani mabegani, anachuchumaa nacho, anainuka na kukisukuma juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, mara 21. Kisha analirukia bomba na kujivuta mpaka kidevu kipite juu yake, mara 21 pia. Anarudi kwenye chuma mara 15, bombani mara 15, halafu tisa na tisa. Chuma cha mwanamume kina ratili 95, yaani kama kilo 43. Cha mwanamke ratili 65, karibu kilo 30. Wenye uwezo mkubwa humaliza chini ya dakika tatu, kisha hujilaza sakafuni wakitafuta pumzi. Greg Glassman, aliyeanzisha kampuni ya mazoezi ya CrossFit pamoja na Lauren Jenai huko California mwaka 2000, alilitangaza mwaka 2003 pamoja na mengine machache yenye majina ya kike. Hoja yake ilikuwa kwamba tufani zilikuwa zikipewa majina ya wanawake, basi na zoezi linalomwacha mtu chali linastahili jina la namna hiyo.

Sasa mchukue mwanamke wa miaka 52 anayeshinda ameketi ofisini, ambaye mara ya mwisho kuning'inia popote ilikuwa kwenye mwembe wa kwao. Akipewa Fran hiyohiyo, ataumia, au atajikongoja kwa dakika 25. Hilo la pili ndilo wengi hawalioni kuwa kosa. Amemaliza, anapigiwa makofi. Lakini alichokifanya si Fran tena. Fran ilitungwa iwe kazi ya muda mfupi, ya kutweta. Ikichukua dakika 25, mtu akipumzika kila baada ya marudio mawili, imegeuka kazi nyingine na mwili unajifunza kitu kingine. Kocha anayeijua kazi yake atampa chuma cha kilo 15. Mahali pa bomba atamwekea pete mbili zinazoning'inia usawa wa kiuno, azishike, alale nyuma na kujivuta. Idadi nayo ataishusha: 15, 12, 9. Anachotaka ni huyu mama amalize kwa dakika chache akitweta vilevile anavyotweta bingwa.

Kazi hiyo ya kocha kwa Kiingereza huitwa “scaling”. Mswahili mwenye haraka hulibandika neno kiambishi, likawa “ku-scale”, akaendelea na shughuli zake. Skeli kweli imo katika Kiswahili, lakini ina kazi yake tayari: mwanafunzi wa jiografia huikuta pembeni mwa ramani. Kuipeleka jimu kunamwacha msikilizaji ajijazie mwenyewe maana, na wengi hujaza ileile isiyofaa, yaani kupunguza.

“Kupunguza” ndilo neno linalokuja la kwanza mdomoni, na ndilo linaloharibu. Linaeleza kinachotokea kwenye chuma, halielezi kwa nini. Tena hapo hapo linamshusha mtu: wenzake wamefanya zima, yeye kafanya pungufu. “Kurahisisha” ni baya zaidi, maana zoezi lililopangwa vizuri si rahisi hata kidogo kwa anayelifanya. Kilo 15 zinaweza kumtoa mama yule jasho kuliko kilo 43 zinavyomtoa kijana wa mazoezi. “Kurekebisha” lina heshima kidogo, ila hurekebishwa kitu chenye kasoro. Na “kukadiria” ni kubahatisha kwa akili, jambo ambalo kocha mzuri anajaribu kuliepuka.

Kuna ushahidi mwingine dhidi ya kupunguza. Zoezi liitwalo Murph, kwa kumbukumbu ya Luteni Michael Murphy wa jeshi la majini la Marekani aliyeuawa Afghanistan tarehe 28 Juni 2005, ni kukimbia maili moja, kujivuta mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa mara 300, kisha maili nyingine. Wamarekani wengi hulifanya mwishoni mwa Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Wako wanaofanya nusu yake. Wako wanaoigawa ile sehemu ya kati katika mizunguko 20 ya 5, 10 na 15. Na wako wanaovaa kizibao cha ratili 20, kama kilo 9, kwa kumwiga Murphy mwenyewe, aliyelifanya na kizibao kizito. Mkufunzi akimwongezea uzito askari aliyezoea, na akimkatia nusu mgeni, amefanya kitendo kilekile mara mbili. Neno linaloelekea chini tu haliwezi kubeba vyote viwili.

Neno linalobeba liko dukani. “Nipimie sukari nusu,” mteja humwambia muuzaji. Mwingine atasema mafuta ya kupima, mwingine unga. Hakuna anayeona haya kusema hivyo. Sukari ya nusu kilo si sukari duni kuliko ya kilo mbili: ni ileile, imetolewa kwa kiasi cha anayeihitaji. Kitenzi pima, kikipata kiambishi cha kutendea, kinamleta mtu ndani ya tendo, na ndiyo maana “kumpimia mtu zoezi” kunasema kile ambacho Kiingereza chenyewe kinakiacha nje. “Scaling” hupanda na kushuka bila kumtaja anayepandishiwa wala kushushiwa. Kupimia hakuwezi kutamkwa vizuri bila yeye.

Na wazo lenyewe lilianza kwa mtu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner mjini Chicago, daktari Thomas DeLorme, mnyanyua vyuma tangu ujana wake, aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha uzito, matibabu ambayo zama zile yalionekana ni wazimu. Makala yake ilitoka mwaka 1945. Baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, aliweka utaratibu ambao hadi leo uko jimu nyingi bila watu kujua chanzo chake: tafuta uzito ambao mgonjwa huyu anaweza kuunyanyua mara 10 asiweze ya 11. Kisha anyanyue mara 10 kwa nusu ya uzito huo, 10 kwa robo tatu, 10 kwa uzito wote. Hakuna kilo zilizotajwa. Kipimo kinatoka kwenye goti la mgonjwa. DeLorme alibadili hata jina la njia yake: mwanzoni lilitaja mazoezi mazito, baadaye likataja mazoezi yanayoongezeka kwa hatua.

Glassman naye alilisema hili waziwazi mwaka 2002: mahitaji ya mwanamichezo wa Olimpiki na ya bibi yako yanatofautiana kwa kiasi, si kwa aina. Bibi naye anachuchumaa akikaa na kuinuka kitini, naye ananyanyua ndoo kutoka chini. Kwa hiyo hapewi programu nyingine, hupimiwa ileile.

Tatizo ni ubao. Katika jimu za CrossFit matokeo huandikwa ukutani, jina na muda, na anayelifanya zoezi kwa uzito kamili huwekewa herufi mbili: Rx. Asiyefanya hivyo huandikwa amepunguza, na ni binadamu gani anayependa kuandikwa hivyo mbele ya kadamnasi? Kichekesho ni kwamba Rx ni alama iliyochukuliwa kwenye cheti cha dawa, na cheti cha dawa huandikwa kwa mgonjwa mmoja, kwa umri na uzito wake. Alama ya kumpimia mtu imegeuzwa alama ya kutompimia. Mashindano ya wazi ya CrossFit, yaliyoanza mwaka 2011, yalingoja hadi 2015 kufungua daraja rasmi kwa waliopimiwa. Michuano mikuu ikawapokea wanamichezo wenye ulemavu katika madaraja yao mwaka 2021.

Gharama ya kuona haya kuandikwa “amepunguza” si ya maneno matupu. Mtu asiyezoea akijilazimisha kufanya marudio mengi mno, misuli yaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga vilivyomo katika damu na kuziumiza figo. Mkojo hugeuka kahawia iliyokolea, na hapo ni hospitali, si kunywa maji na kulala. Glassman mwenyewe aliandika kuhusu hatari hiyo mwaka 2005. Mafundisho ya kampuni aliyoianzisha huweka mambo kwa mpangilio: kwanza umbo sahihi la mwili, pili kulirudia bila kukosea, nguvu na kasi mwisho. Wanaopenda Rx kupita kiasi huanza na la mwisho.

Watakuwepo watakaosema kupima kumeshajaa maana: watu hupima malaria, viwanja, nguo kwa fundi. Ni kweli, na kijiko cha kupimia kipo jikoni. Lakini kiambishi cha mtendewa kinamaliza utata. “Nimempimia” haina njia nyingi za kueleweka, hasa ikitoka kwa kocha aliyesimama kando ya sahani za chuma. Kitenzi hiki kinanyumbulika pia: zoezi la kupimiwa, upimiaji, darasa la waliopimiwa. Mtihani mkubwa wa istilahi ni kama inakaa mdomoni bila kujikaza, na hii inakaa: “Mama, leo nakupimia kilo 15, Jumatatu tutaona.” Naye anaweza kuanza yeye: “Kocha, nipimie na mimi.”

Basi makocha wanaofundisha kwa Kiswahili, Dar es Salaam, Mombasa au kwingineko, wafute ile safu ya “amepunguza” ubaoni. Mahali pake waandike kwanza lengo la zoezi la siku, mathalani “dakika tano, bila kuweka chuma chini,” halafu mbele ya kila jina waandike alichopimiwa, kuanzia bingwa wa jimu.