Wakora Waliosajiliwa na Avengers

Ukitafuta kazi Nairobi, utaombwa cheti cha mwenendo mwema hata kabla mtu hajauliza unaweza kufanya nini. Jamaa mmoja wa mtaani kwetu alifungwa miezi sita. Tangu atoke, kila akibisha mlango anaulizwa karatasi hiyo. Yeye ndiye alinifanya nirudie katuni za 1965.

Mei mwaka huo, katika toleo la 16 la The Avengers lake Stan Lee na Jack Kirby, kikosi kilichoanza 1963 kilivunjika. Iron Man, Giant-Man na Wasp walitaka kupumzika. Thor hata hakuwepo. Alibaki Captain America, naye alikuwa safarini. Kurudi, akakuta wachezaji wapya washapatikana na nahodha ni yeye.

Na wachezaji wenyewe? Wakora! Mwaka mmoja nyuma Hawkeye alikuwa akimpiga Iron Man mishale, akitumiwa na Black Widow, jasusi wa Urusi. Quicksilver na dadake, Scarlet Witch, walikuwa genge la Magneto. Hawa ndugu wawili waliandika barua ya kuomba nafasi. Hawkeye yeye alivamia jumba la Avengers, akamfunga mhudumu wao Jarvis kamba, kisha akaikata kwa mshale kuonyesha ujuzi wake. Iron Man, aliyekuwa adui yake, akamkubali.

Lakini ukweli usemwe, Lee alijirahisishia kazi. Hawkeye alianza akitaka kuwa shujaa, polisi wakamdhania mwizi. Ndugu wale walikuwa na deni: Magneto alimwokoa Scarlet Witch kutoka kwa watu wenye hasira. Hao ni wakora wa kusameheka. Je, mtu aliyekosa kabisa?

Swali hilo lilisubiri hadi 1997, Kurt Busiek na Mark Bagley walipoanzisha Thunderbolts. Avengers wanadhaniwa wamekufa, na kundi geni linajitokeza kuokoa watu. Ukifika ukurasa wa mwisho wa toleo la kwanza, unagundua ni Masters of Evil, maadui wa Avengers, wamebadilisha nguo na majina tu. Kiongozi wao alikuwa Baron Zemo, ambaye babake alikufa akipigana na Captain America toleo moja tu kabla ya Hawkeye kusajiliwa. Mpango ulikuwa waaminiwe na watu, halafu watawale dunia. Shida ni kwamba baadhi yao walizoea kushukuriwa, wakaanza kupenda ile kazi. Wakamgeuka Zemo.

Mwaka 1998 wakawa hawana nahodha. Nani akaja? Hawkeye. Alikubali kuwaongoza, ila kwa sharti moja: MACH-1, ambaye zamani aliitwa Beetle, aliwahi kuua mtu, kwa hivyo ajisalimishe arudi jela. Naye akaenda.

Mara ya kwanza kusoma hiyo nilikasirika. Hawkeye aliingia Avengers bila kulala rumande hata usiku mmoja, leo anampeleka mwenzake ndani? Nimelifikiria tena. Hawkeye hakuwa ameua. Na kuna mtu aliyekufa, ambaye hakuna shangwe ya mashabiki ingemrudisha. Lazima deni lake lingelipwa na mtu.

Kilichonituliza ni kilichofuata. MACH-1 alipotoka jela, kikosi kilimpokea. Mwaka 2004, New Thunderbolts ilipoanza, kiongozi alikuwa yeye.

Nilimsimulia yule jamaa hadithi hii tukiwa kibandani tukinywa chai. Akasikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo. Akasema kurudi jela si ngumu, hiyo sehemu anaielewa. Akaniuliza tu MACH-1 alisubiri muda gani kabla ya kupewa kazi, kwa sababu yeye mwenyewe anaingia mwaka wa tatu.